Engaruka: sheria inalinda nini pale panapoonekana mawe matupu?

Anayefika Engaruka kwa mara ya kwanza, hasa kama amewahi kuona Kilwa Kisiwani au Kaole, hutafuta magofu asiyaone. Kilwa kuna msikiti, kuna kuta za majumba zilizosimama hadi leo, na jicho halipati shida. Engaruka unakuta mteremko wa mawe, vichaka vya miiba, mbuzi wanaokula, na njia nyembamba inayopanda mlima. Mawe yako kila mahali na yanafanana na mawe mengine yote ya mlimani. Inachukua muda, na mara nyingi inahitaji mwenyeji wa kukuelekeza, ndipo utambue kwamba pale ulipokanyaga ni tambarare ilhali mlima mzima umeinama. Ukishaliona jukwaa la kwanza, yaani kiwanja cha nyumba kilichosawazishwa mlimani, la pili linajitokeza lenyewe, halafu la tatu, hadi unagundua kwamba umesimama katikati ya kijiji.

Kwa hiyo swali ambalo watu huuliza, wakiwemo wanaoishi jirani kabisa, ni swali la haki: kama hakuna nyumba, hakuna paa wala mlango, serikali inalinda nini hapo? Jibu limevurugwa na mambo mengi yanayotajwa kwa pamoja, yaani mawe, mashamba ya kale, utalii, majina ya UNESCO, na simulizi za nani alijenga. Nitajaribu kuyatenganisha moja baada ya jingine, nikianza na kile kilicho chini ya miguu.

Mahali penyewe

Engaruka iko wilaya ya Monduli, mkoa wa Arusha, chini ya ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Mto wa Mbu, kwenye njia inayoelekea Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron. Nyuma yake zimepanda nyanda za juu za Ngorongoro, ambazo hunasa mvua. Chini, kwenye sakafu ya bonde, nchi ni kavu, na mkulima akitegemea mvua peke yake atalia. Uhai wote wa pale unaletwa na mito inayoporomoka kutoka juu, mkuu wao ukiwa Mto Engaruka wenyewe, ambao hutiririka mwaka mzima.

Watu wa zamani walikaa pale hasa ambapo nchi hizo mbili zinakutana. Kuanzia karne ya 15 hivi hadi karne ya 18, walijenga makazi yao kwenye mteremko, wakalima tambarare iliyo chini yake, na wakaleta maji kwa mifereji kutoka mitoni. Vijiji vikubwa vilikuwa saba, vimefuatana kando ya mlima. Mashamba yao, yaliyogawanywa kwa kuta fupi za mawe, yameenea kwenye eneo la kilometa za mraba 20 hivi. Zao lililoacha ushahidi wa wazi ni mtama: punje zilizoungua zilipatikana kwenye uchimbaji. Walifuga pia, na samadi ilirudi shambani.

Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883 akaandika alichokiona. Hans Reck alikuja mwaka 1913, Louis Leakey mwaka 1935. Hamo Sassoon, aliyekuwa akisimamia mambo ya kale Tanzania, alichimba mwaka 1964 na tena 1966. Baada yake wakafuata John Sutton na, katika karne hii, Daryl Stump na wenzake. Nimewataja kwa sababu kila mmoja aliyaangalia mawe yaleyale akaona kitu tofauti, na tofauti hizo ndizo zitakazotusaidia huko mbele.

Mawe ya aina nyingi, jina moja

Neno "magofu" limewameza watu wengi. Engaruka kuna angalau aina tano za kazi ya mawe, na kila moja inasema habari yake. Kuna kuta ndefu za shambani zinazofuata usawa wa ardhi na kugawa vipande. Kuna mifereji, mingine imepangwa mawe pembeni ili maji yasile udongo. Kuna marundo, ambayo wageni huyadhania makaburi, na kwa sehemu kubwa ni mawe yaliyookotwa shambani ili jembe lipite. Kuna maduara makubwa yenye kuta nene katikati ya mashamba, ambayo watafiti wanayasoma kama mazizi. Na kuna majukwaa ya nyumba huko mlimani.

Jukwaa ni kitu rahisi, na urahisi huo ndio unaolificha. Mtu yeyote aliyewahi kujenga mlimani anajua kazi yenyewe: unachimba upande wa juu, udongo na mawe unayotoa unayasukuma upande wa chini, na ili kifusi kisiporomoke unakizuia kwa ukuta. Fundi wa Lushoto au Upare anafanya hivyo leo akiandaa kiwanja. Wajenzi wa Engaruka waliufanya ukuta huo kwa mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo wa kushikia, jiwe likilikalia jiwe kwa uzito wake. Upande wa juu, pale mlima ulipokatwa, mara nyingi waliupanga mawe pia ili udongo usiwamwagikie ndani. Juu ya kiwanja kilichopatikana palisimamishwa nyumba ya miti na nyasi. Nyumba imeoza zamani, kiwanja kimebaki.

Utalitofautishaje jukwaa na tuta la shamba? Tuta ni refu na linafuata mlima kama mkanda, wakati jukwaa ni fupi, lina umbo la yai au la mwezi mchanga, na halikai peke yake. Pembeni yake kuna jingine, juu yake jingine, na katikati yao zimepita njia zilizojengwa kwa mawe. Udongo wake pia ni tofauti: una majivu, mifupa, vigae vya vyungu, pengine jiwe la kusagia lililokwisha tumbo kwa kazi. Hizo ni taka za jikoni. Shambani hazipatikani hivyo.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Thamani ya jukwaa iko katika mpangilio: kiwanja hiki kiko juu ya kile, njia hii inaingia hapa, mlango ulielekea kule, mfereji unapita chini ya vyote. Jiwe moja la Engaruka halina tofauti na jiwe lolote la volkano lililo mtoni. Ukilichukua ukalipeleka makumbusho, umepeleka jiwe tu. Kwa hiyo ulinzi wa mahali kama hapa hauwezi kufanana na ulinzi wa mlango wa Zanzibar au sarafu ya Kilwa, vitu ambavyo unaweza kuvibeba navyo vikabaki kuwa vile vile.

Hesabu iliyowakosesha wengi

Mfano mzuri wa kile kinachofichwa na majukwaa ni suala la idadi ya watu. Leakey, mwaka 1935, alikadiria kwamba kulikuwa na nyumba zaidi ya 6,000, na akatoka na idadi ya watu kati ya 30,000 na 40,000. Ni jiji kwa Afrika Mashariki ya bara ya wakati ule, na makadirio hayo yalisambaa sana. Mtu akizidisha nyumba 6,000 kwa watu watano au sita, hesabu inakubali. Tatizo haliko kwenye kuzidisha.

Tatizo ni kwamba nyumba hizo zote 6,000 zimechukuliwa kama zilikaliwa siku moja. Nyumba ya miti na nyasi haidumu karne tatu. Mzee anakufa, kijana anaoa, paa linaoza, mchwa wanakula nguzo, ukoo unahama kidogo kando na kukata kiwanja kipya, kile cha zamani kinageuka kuwa mahali pa mbuzi au pa kutupa majivu. Tuchukue mfano wa kufikirika: makazi yalidumu miaka 300, na kila kiwanja kilikaliwa miaka 30 kisha kikaachwa moja kwa moja. Basi kwa wakati wowote ule ni sehemu moja ya kumi tu ya viwanja iliyokuwa na moto jikoni. Viwanja 600, watu watano kila kimoja, ni watu 3,000. Ongeza kwamba si kila jukwaa lilikuwa nyumba ya kulala. Mengine yalibeba ghala, mengine mifugo midogo. Watafiti wa baadaye wanazungumzia watu elfu kadhaa badala ya makumi ya maelfu, na sababu kubwa ni hii.

Sasa, ili kujua viwanja vipi vilikaliwa kwa pamoja na vipi vilifuatana, hakuna njia nyingine isipokuwa kuuliza udongo. Mkaa uliolala chini ya ukuta wa jukwaa unakuambia ukuta haukujengwa kabla ya moto ule. Mkaa wa mekoni, juu ya sakafu, unakuambia watu walipika lini. Udongo ulioteremka kutoka juu na kuifunika sakafu unakuambia ni tangu lini hakuna aliyefagia. Tabaka tatu, na baina yake pengine upana wa viganja viwili tu.

Tena mkaa wenyewe ni mgumu kusomeka. Kipimo cha miale ya kaboni, ambacho hutumika kujua umri wa mkaa, hufanya kazi vizuri kwa vitu vya miaka elfu moja au elfu tano iliyopita, lakini huyumba kwa vitu vya kuanzia miaka ya 1650 hadi 1950, kwa sababu kiwango cha kaboni hiyo angani kilipanda na kushuka. Punje moja ya mtama inaweza kutoa majibu mawili au matatu yanayowezekana, yaliyoachana kwa zaidi ya karne. Mtaalamu anajinasua kwa kupima sampuli nyingi kutoka tabaka zinazofuatana, akitumia mpangilio wa tabaka kukataa majibu yasiyowezekana. Tabaka zikichanganywa, kwa mfano kwa mtu kuchimba akitafuta dhahabu ya Wajerumani au kwa ng'ombe kushuka njia moja kila siku wakati wa mvua, uwezekano huo umekwisha na haurudi kwa fedha yoyote.

Ndiyo maana napinga vikali wazo, linalotolewa kwa nia njema kabisa, la "kuyakarabati" majukwaa yapendeze watalii kwa kuyajengea upya kuta zilizoanguka. Ukuta uliopangwa upya bila kupimwa na kuchorwa kwanza unakuwa ukuta wa mwaka huu. Mtalii atapiga picha nzuri, na mtafiti wa kesho atakuwa amenyimwa kijiji.

Wengine wenye milima

Engaruka haiko peke yake. Nyanga, kwenye nyanda za juu za mashariki mwa Zimbabwe, milima imepangwa matuta ya mawe kwa maelfu ya kilometa za mraba, kazi ya wakulima wa kuanzia karne ya 14 hivi hadi ya 19. Huko juu kuna aina ya jukwaa ambalo naliona ni la ajabu kuliko yote. Familia ilisawazisha kiwanja kwenye mteremko, na katikati ya kiwanja ikaacha shimo la duara lililojengwa mawe ukutani. Kuingia shimoni kulikuwa kwa njia ya chini kwa chini kutoka upande wa juu wa mlima, nyembamba na fupi kiasi kwamba mtu mzima huinama. Nyumba zilizunguka shimo, na moja ilisimama juu ya njia ile, ikiwa na mwanya sakafuni wa kuteremshia magogo ya kuiziba, kwa hiyo mwenye nyumba aliweza kufunga zizi bila kutoka nje usiku wa baridi. Mfereji mdogo ulitoa maji machafu shimoni.

Wazungu waliofika huko kabla ya utafiti waliyaita "mashimo ya watumwa", wakidhani watu walifungiwa humo. Robert Soper, aliyefanya utafiti wa miaka mingi Nyanga, ameonyesha kwamba ni mazizi ya ng'ombe wa umbo dogo, waliofugwa karibu ili samadi yao ipatikane. Kilichosaidia kusahihisha kosa hilo ni kwamba mpangilio mzima ulikuwapo bado: njia, mwanya, mfereji wa maji machafu, sehemu za nyumba. Lau shimo lingebaki peke yake bila jukwaa, simulizi ya watumwa pengine ingekuwa bado inasomwa mashuleni.

Kusini mwa Uskoti, nchi ya baridi na nyasi, kuna viwanja vilivyokatwa kwenye miteremko kama shughuli ya fundi mmoja. Green Knowe, katika eneo la Peeblesshire, ni mojawapo. Juu yake zilisimama nyumba za miti za duara katika Zama za Shaba, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Hapo hata mawe ni machache, na kinachoonekana ni msururu wa tambarare ndogo zilizoota nyasi. Lakini maeneo ya namna hiyo yanaorodheshwa chini ya sheria ya mwaka 1979 ya kumbukumbu za kale, na anayetaka kulima, kupanda miti au kuchimba ndani ya mpaka wake lazima kwanza apate kibali kutoka taasisi ya Historic Environment Scotland. Adui mkubwa huko ni plau na mashamba ya misonobari. Mizizi ya mti hufanya kazi ileile ya jembe, kwa utulivu zaidi.

Nimewaleta hawa wawili kwa sababu kuna watu wanaofikiri kulinda ardhi tupu ni ushamba wa nchi maskini au ni hila ya kuwanyima watu malisho. Sivyo. Popote palipo na majukwaa ya makazi, wanaoyaelewa wamefikia uamuzi uleule: mpaka unachorwa kuzunguka ardhi yenyewe.

Sheria inasema nini hasa

Tanganyika ilikuwa na sheria ya kikoloni ya kuhifadhi kumbukumbu za kale tangu mwaka 1937. Baada ya uhuru ikatungwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ikafanyiwa marekebisho mwaka 1979, na ndiyo msingi hadi leo. Mwaka 2008 ilifuata Sera ya Malikale. Wizara inayohusika ni ya Maliasili na Utalii, kupitia idara yake inayoshughulikia malikale.

Jambo la kwanza la kuelewa kwenye sheria ya 1964 ni mwaka 1863. Majengo, makaburi, mapango, kazi za udongo na mawe za binadamu za kabla ya mwaka huo zinaingia katika tafsiri ya mambo ya kale. Kwa milango ya kuchonga mstari umewekwa mwaka 1940. Majukwaa ya Engaruka yaliachwa kabla ya 1863, kwa hiyo umri wake hauna ubishi. Jambo la pili ni kwamba sheria haidai jengo liwe limesimama au liwe zuri. Inauliza kama ni kazi ya mtu na ni ya lini. Ukuta wa goti unaozuia kifusi umetimiza masharti yote mawili sawasawa na Msikiti Mkuu wa Kilwa.

La tatu ni kibali. Kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale ni kosa, hata kama unachimba kwa elimu, hata kama wewe ni profesa. Anayekutana na kitu cha kale kwa bahati, tuseme akichimba mfereji, anatakiwa kutoa taarifa. Na kwa miradi mikubwa kuna mlango mwingine: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza. Hili si la nadharia kwa Engaruka, kwa kuwa bonde lake lina akiba ya magadi ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa limekuwa na mpango wa kuichimba. Kiwanda chenyewe kinaweza kukaa mbali na vijiji vya kale, lakini barabara, mabomba na maji yana njia yake ya kupita, na ni kwenye njia hizo ndiko mawe huhamishwa bila mtu kugundua.

Hapa kuna mkanganyiko mmoja ninaokutana nao mara kwa mara. Watu husema "Engaruka ni ya UNESCO", kisha wakatulia wakiamini ulinzi umekamilika. Ukweli ni huu: eneo la Ngorongoro na Lengai lilitambuliwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa jiopaki ya dunia, na Engaruka imo ndani ya jiopaki hiyo. Jiopaki, yaani eneo linalotambuliwa kwa thamani ya miamba na sura yake ya nchi, ni heshima na ni chombo cha elimu na utalii. Haileti askari wala mahakama. Urithi wa Dunia ni orodha nyingine kabisa. Hifadhi ya Ngorongoro imo kwenye orodha hiyo tangu 1979, lakini Engaruka iko wilaya nyingine, nje ya mipaka yake. Ukitaka kumzuia mtu mwenye katapila asisawazishe jukwaa la Engaruka, unachoshika mkononi ni sheria ya Tanzania.

Nani alijenga, na kwa nini waliondoka

Swali la nani huwa linaulizwa la kwanza, nami nimeliweka huku nyuma kwa makusudi, kwa sababu watu wakishalipata jina huacha kuangalia mawe.

Macho yamewaelekea zaidi Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wanaoishi kaskazini magharibi katika wilaya ya Ngorongoro. Wao hadi leo ni wakulima wa mifereji katikati ya nchi ya wafugaji, na kwao maji hugawiwa na baraza la wazee wa ukoo, wenamiji, wenye kauli ya mwisho juu ya zamu ya kila mtu. Wengine wamewataja Wairaqw wa nyanda za Mbulu, hodari wa kilimo cha samadi. Kufanana kwa kazi kuna uzito, ila mtu anaweza kujifunza kumwagilia kutoka kwa jirani bila kuwa mjukuu wake. Mwenye haraka ya kulipatia kabila moja hati miliki ya Engaruka anavuka mpaka wa ushahidi. Wamaasai, ambao ndio wenyeji wengi wa sasa, walienea katika nchi hizi baadaye, karne ya 18 na ya 19, na jina lenyewe la Engaruka limetufikia kupitia lugha yao.

Kuhusu kuondoka, zamani jibu lilikuwa vita: wafugaji walikuja, wakulima wakakimbia. Utafiti umehamia kwenye maji. Ukifuata mifereji ya kale unakuta mingine inaelekea kwenye mito ambayo leo ni makorongo makavu sehemu kubwa ya mwaka, na mashamba ya kaskazini yaliyoitegemea yasingeweza kulimwa sasa. Kikundi cha Stump kimeonyesha pia kwamba kuta nyingine hazikujengwa kugawa shamba lililokuwepo. Zilijengwa kupunguza mwendo wa maji ya mafuriko ili yatue tope, na tope hilo, msimu kwa msimu, ndilo likawa shamba. Watu walilima udongo walioukamata wenyewe. Mfumo wa namna hiyo unahitaji maji yaje, na yaje na udongo, na mikono iwepo kila mwaka ya kuinua kuta. Kimoja kikipungua, watu huhama kidogo kidogo, familia hii leo na ile baada ya mavuno mabaya, bila siku moja ya kukimbia. Mimi jibu hilo linanishawishi zaidi, na majukwaa yaliyoachwa kwa nyakati tofauti ndiyo yatakayolithibitisha au kulikanusha.

Wanaoishi hapo leo

Engaruka ya leo ni kijiji chenye watu, shule, soko na mashamba, nayo inanywa mto uleule. Wakulima wa sasa wamechimba mifereji yao, na baadhi ya mashamba yamekalia tambarare ya kale, kwa sababu ardhi iliyokuwa nzuri kwa maji miaka 500 iliyopita bado ni nzuri. Anayejenga nyumba anahitaji mawe ya msingi, na rundo la kale liko karibu kuliko machimbo. Siwezi kumlaumu mtu huyo kama hajawahi kuelezwa tofauti kati ya rundo na jukwaa. Nikipewa nafasi ya kuchagua jambo moja la kufanya kwanza, ningechagua mawe ya mpaka yanayoonekana na ramani iliyobandikwa ofisi ya kijiji, inayoonyesha vijiji vyote saba kwa majina ambayo wenyeji wanayatumia. Kibao kimoja cha "Magofu" barabarani hakimwambii mchungaji chochote.

Mbuzi si adui mkubwa kama inavyodhaniwa, maana kundi linalotawanyika likila vichaka halisumbui ukuta uliotulia. Shida ni njia moja inayokanyagwa kila siku, ambayo maji ya mvua huifuata na kuigeuza korongo, kisha korongo hula kifusi nyuma ya ukuta hadi ukuta unalala. Kuhamisha njia ya mifugo hatua 50 pembeni kunaweza kuokoa safu nzima ya viwanja, na hilo ni jambo la kuzungumza na wazee wa boma, wala halihitaji bajeti ya wizara.

Kwa anayekwenda kutembea: mpe kazi mwongozaji wa kijiji, kaa kwenye njia, usisimame juu ya ukingo wa ukuta ili kupiga picha. Ukikuta kigae, kiangalie pale kilipo. Na ukikuta ukuta umeanguka, mawe yake yamemwagika mteremkoni, usiyarudishe. Mtafiti akija atayahesabu na kuyapima yakiwa palepale, kwa sababu wingi wa mawe yaliyolala chini ya ukuta ndio unaomwambia ukuta huo ulisimama kwa kimo gani.